“Gazi imeisha”: tukatae jibu moja kwa kila gari

MAONI – Peleka gari lenye klima isiyopoza katika garaji nyingi za miji yetu, kutoka Goma hadi Uvira, kutoka Butembo hadi Kalemie, na utasikia jibu lilelile hata kabla kapo haijafunguliwa: “Papa, gazi imeisha.” Chupa inaletwa, mpira unaunganishwa, hewa baridi inatoka, pesa inalipwa. Baada ya wiki tatu, au miezi miwili kwa mwenye bahati, joto linarudi. Mwenye gari naye anarudi. Anaambiwa neno lilelile, analipa bei ileile.

Ninaona wakati umefika wa kulikataa jibu hilo. Si kwa sababu gazi haipungui kamwe, bali kwa sababu kupungua kwa gazi ni dalili tu, si ugonjwa. Gazi ya klima si esanse wala mazuti. Mota haiichomi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kuwa maji na kurudi kuwa hewa, na gari lenye mabomba mazima linaweza kutembea na gazi yake ya kwanza kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba mipira na joini huachilia kiasi kidogo sana mwaka hadi mwaka. Lakini kiasi hicho hakiwezi kumaliza klima ndani ya wiki tatu. Gazi iliyoondoka kwa wiki tatu imepita mahali, na kazi ya fundi ni kupaonyesha mahali hapo.

Kuna watakaouliza: katika hali hii ya mashariki mwa nchi yetu, watu wakihama makwao, mwandishi anaongelea baridi ya ndani ya gari? Swali ni la haki. Lakini klima si mapambo ya matajiri peke yao. Shofere wa taksi anayeshuka kutoka Bukavu, anapita mteremko wa Ngomo na kuingia Kamanyola na bonde la Ruzizi, anabadilisha hali ya hewa ndani ya saa chache. Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya usawa wa bahari, Uvira iko chini ya mita 800. Huko chini, gari lililojaa watu na vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi linageuka kuwa chungu cha kupikia. Ampulansi inayombeba mama mwenye uchungu wa kujifungua inapita barabara hiyo hiyo. Na kule milimani, wakati wa mvua, klima ina kazi nyingine ambayo wengi wameisahau: inakausha hewa ya ndani na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Shofere anayeshika usukani kwa mkono mmoja na kupangusa kioo kwa mkono mwingine, huku mvua ikipiga kati ya Bukavu na Kavumu, ni hatari kwake, kwa abiria wake na kwa wanaotembea kando ya barabara.

Zaidi ya hayo kuna pesa. Tuseme kujaza gazi mara moja ni dola 30. Mara nne kwa mwaka ni dola 120, na tundu bado liko palepale. Mara nyingi tundu lenyewe ni joini ndogo ya mpira ambayo bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya pesa hizo. Kwa familia inayoishi kwa gari moja la taksi, hiyo si hasara ndogo.

Kazi ya klima kwa maneno machache

Ili usidanganywe, si lazima uwe fundi. Inatosha kujua vitu vitano. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa mota, inakandamiza gazi na kuisukuma. Kondanseri, ile inayofanana na radiateri na kukaa mbele yake, inatoa joto nje na kuigeuza gazi kuwa maji. Chupa ndogo ya filitri inanyonya unyevu na kuzuia uchafu. Detanderi ni mlango mwembamba sana: maji ya gazi yakipita hapo, presio inashuka ghafla na baridi inazaliwa. Mwishoni kuna evaporateri, iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambako hewa ya ndani ya gari inapita, inaacha joto na unyevu wake, kisha inatoka baridi na kavu. Unyevu huo ndio ule unaodondoka chini ya gari lililosimama. Maji hayo ni ya kawaida, si ugonjwa. Atakayekuambia kwamba hayo ndiyo gazi inayovuja, muage kwa heshima na uende garaji nyingine.

Pamoja na gazi, ndani ya mabomba kunazunguka mafuta maalumu ya kulainisha kompresa. Jambo hili ni muhimu sana, kwa sababu gazi inapovuja hutoka na mafuta hayo. Anayejaza gazi kila mara bila kufikiria mafuta anaiua kompresa polepole. Siku ikifa, mara nyingi inasambaza vipande vidogo vya chuma hadi kwenye kondanseri na detanderi. Hapo gharama si ya joini tena. Ni ya mfumo mzima.

Dalili zinasema, tuzisikilize

Matatizo ya klima hayafanani, na mengi yake hayahusu gazi hata kidogo. Mwenye gari mwenyewe anaweza kutenganisha mengi kwa macho, masikio na pua, kabla ya kutoa hata franka moja.

Swali la kwanza: hewa inatoka kwa nguvu au kwa unyonge? Kama inatoka kidogo ijapokuwa ni baridi, gazi haina kosa. Angalia filitri ya hewa ya ndani, ambayo katika magari mengi ya Toyota iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Katika mji kama Goma, ambako vumbi jeusi la mawe ya volkano linaingia kila mahali, filitri hiyo inaziba haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Nimewaona wenye magari wasiojua kabisa kwamba kitu hicho kipo. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Na kama vantilateri ya ndani inafanya kazi kwenye namba ya mwisho tu, namba nyingine zote zikiwa kimya, tatizo kwa kawaida ni kile kifaa kidogo cha umeme kinachopunguza mwendo wake, yaani rezistansi. Nalo halina uhusiano na gazi.

Swali la pili: hewa ina nguvu lakini ni moto? Washa mota, washa klima, fungua kapo, kisha sikiliza. Katika magari mengi unapaswa kusikia “tak” na kuona sahani ya mbele ya kompresa ikianza kuzunguka pamoja na puli yake. Kama puli inazunguka lakini sahani imesimama, kompresa haijashika. Sababu zinaweza kuwa nyingi: fizibu iliyoungua, rele iliyokufa, waya uliokatika, koili ya kompresa, au swichi ya presio inayozuia kompresa isijiue kwa sababu kweli gazi ni kidogo. Fizibu na rele zinapimwa kwa dakika chache. Kwa nini tuanze na chupa ya gazi?

Swali la tatu: klima inapoza ukitembea, lakini ukisimama kwenye msongamano wa magari inakuwa moto? Hapo macho yaende kwanza mbele ya gari. Gari likitembea, upepo unaipoza kondanseri. Likisimama, ni vantilateri ya mbele inayopaswa kufanya kazi hiyo. Kama haizunguki, au kama kondanseri imezibwa na matope, majani na wadudu wa barabarani, joto halina pa kutokea. Kuiosha kondanseri kwa maji yenye presio ndogo, bila kupinda mapezi yake membamba, kumerudisha baridi katika magari mengi yaliyokuwa yamehukumiwa kujazwa gazi. Na kama sindano ya joto la mota inapanda kila ukiwasha klima, usiendelee kutembea hivyo hivyo: vantilateri hiyo hiyo, au radiateri, inakuonya kuhusu mota yenyewe.

Swali la nne: baridi inakuja vizuri, halafu baada ya nusu saa hewa inapungua na kuwa vuguvugu, na ukizima klima kidogo inarudi? Evaporateri inaganda. Barafu imeziba njia ya hewa, mara nyingi kwa sababu kifaa kinachopima baridi yake kimeharibika. Au kuna unyevu ndani ya mabomba, unaoganda kwenye mlango mwembamba wa detanderi. Unyevu huo huingia pale fundi anapofungua mabomba na kuyajaza bila kutoa kwanza hewa yote iliyoingia.

Kuna pia vilango vidogo ndani ya dashibodi vinavyochanganya hewa ya baridi na ya moto. Kimoja kikikwama, upande mmoja wa gari unapoa na mwingine unachoma, au hewa moto ya mota inachanganyika na baridi bila kukoma. Unaweza kujaza gazi hadi kesho, kilango hakitasogea.

Pua nayo ina kazi. Harufu ya nguo zilizolowa kila ukiwasha klima ni kuvu iliyoota juu ya evaporateri, inahitaji kusafishwa. Maji yakilowesha zulia la miguu ya abiria, bomba dogo la kutoa maji nje limezibwa na uchafu. Lakini harufu tamu, pamoja na ukungu wa mafuta kwenye kioo, hiyo ni maji ya radiateri yanayovuja kwenye kipasha joto cha ndani. Ugonjwa mwingine kabisa.

Hatimaye, masikio. Mlio mkali wa muda mfupi unapowasha klima ni mkanda uliolegea au uliochoka. Mngurumo unaoendelea hata klima ikiwa imezimwa unaweza kuwa bilia ya puli. Kelele ya chuma kugongana klima ikiwa imewashwa ni kompresa inayokufa: izime mara moja, kabla haijachafua mabomba yote.

Manometa mbili, si mkono kwenye bomba

Fundi akishamaliza kuangalia hayo, ndipo zamu ya manometa inafika. Katika garaji nyingi nilizopita nimeona fundi akishika bomba kwa mkono na kusema “bado kidogo”, kisha anaongeza. Mkono si kipimo.

Mfumo una pande mbili, wa presio ya chini na wa presio ya juu, na manometa mbili zinazosomwa kwa pamoja ndizo zinazozungumza. Kwa gazi ya R134a, ambayo ndiyo iliyo katika magari mengi tuliyo nayo, klima nzima mota ikizunguka huonyesha karibu bari 2 upande wa chini, na mara nyingi kati ya bari 12 na 17 upande wa juu, kulingana na joto la nje. Pande zote mbili zikiwa chini sana, gazi ni pungufu na kuna mahali inapopita. Zote zikiwa juu kupita kiasi, labda gazi imezidi, labda kondanseri haipati hewa, labda kuna hewa ya kawaida ndani ya mabomba. Upande wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa imechoka, haisukumi tena. Upande wa chini ukishuka hadi sifuri au chini yake, kuna kizuizi, mara nyingi kwenye detanderi. Ni magonjwa manne tofauti na dawa nne tofauti. Anayejaza gazi kwa yote manne anatibu moja na kuharibu matatu.

Tujihadhari pia na kosa lingine. Gari likiwa limezimwa na kupoa, manometa ikionyesha bari 5 au 6, fundi wengine husema “gazi iko ya kutosha”. Si kweli. Presio hiyo inafuata joto la siku. Inathibitisha tu kwamba ndani bado kuna gazi katika hali ya maji, hata kama ni kidogo. Haisemi ni gramu ngapi. Kipimo cha kweli ni mizani: gazi ya zamani inatolewa kwa mashine, mabomba yanavutwa hewa, kisha inaingizwa idadi ya gramu iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kapo. Magari mengi madogo hubeba kati ya gramu 400 na 700. Kwa kiasi kidogo hivyo, kosa la gramu 100 ni kosa kubwa. Na kuzidisha hakuleti baridi zaidi: kunapandisha presio, kunapunguza baridi na kuichosha kompresa.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikiwa miji ya pwani havituambii. Kabla ya kujaza, pompa inapaswa kuvuta hewa yote kwenye mabomba, angalau kwa nusu saa, ili unyevu uchemke na kutoka. Kando ya bahari, sindano ya manometa inashuka hadi karibu -1 bari. Goma na Bukavu, kwa sababu ya kimo chetu, presio ya hewa yenyewe ni karibu bari 0,85, hivyo sindano haiwezi kupita hapo hata kwa pompa mpya kabisa. Fundi asiyelijua hili atailaumu pompa yake au kutafuta tundu lisilokuwapo. Muhimu si namba peke yake. Funga valvu, zima pompa, subiri, uone kama sindano inakaa. Ikipanda haraka, tundu lipo. Kujaza gazi juu ya hapo ni kuitupa.

Na tundu linatafutwaje? Kwanza kwa macho. Kwa kuwa mafuta hutoka pamoja na gazi, mahali panapovuja huwa na doa la mafuta, na vumbi la barabara zetu hushika juu yake kama alama. Kisha maji ya sabuni kwenye viungo. Kisha rangi maalumu inayowaka chini ya taa yake, au kifaa cha kunusa gazi. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji kiwanda cha Ulaya.

Kuna mambo yasiyochezewa

Baadhi ya njia za mkato si hasara ya pesa tu. Kutafuta tundu kwa kuingiza oksijeni ya kuchomelea ni kutengeneza bomu, kwa sababu oksijeni yenye presio ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Hata hewa ya kompresa ya kujazia magurudumu haifai, maana R134a ikichanganyika na hewa nyingi chini ya presio inaweza kushika moto. Kazi hiyo hufanywa na azoti kavu. Na kujaza gazi ya kupikia kwa sababu “nayo inapoza” ni kuweka moto nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Inapoza kweli, hadi siku ya ajali au ya cheche moja. Gazi ya klima yenyewe, ikimrukia mtu machoni, inachoma kwa baridi yake. Vijana wanaojifunza kazi katika garaji zetu wanaifungua bila miwani wala glavu. Hilo lingepaswa kutuuma zaidi kuliko bei.

Kuna pia hewa tunayopumua na mvua tunazongojea. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ndio ulioanzisha kuondolewa kwa gazi ya zamani, R12, kwa sababu ilikuwa ikitoboa tabaka la ozoni. R134a iliyochukua nafasi yake haigusi ozoni, lakini inapasha joto dunia: kilo moja yake inahesabiwa sawa na kilo zipatazo 1.430 za gazi kaboni. Gramu 500 zinazoachiliwa hewani kwenye uwanja wa garaji ni sawa na kilo zaidi ya 700. Kupunguza gazi za aina hiyo ndilo lililoamuliwa Oktoba 2016 huko Kigali, jirani kabisa na sisi. Magari mapya ya Ulaya tayari yanatumia gazi nyingine, R1234yf, na kesho magari hayo yatafika kwetu yakiwa yametumika. Gazi hiyo inaweza kushika moto kidogo na haichanganywi na R134a. Kama leo tunajaza bila kusoma karatasi ya chini ya kapo, siku hiyo itakuwaje?

Kosa si la fundi peke yake

Ni rahisi kumaliza kwa kuwashtaki mafundi. Sitafanya hivyo, kwa sababu ukweli una pande mbili. Muulize fundi kwa nini hatafuti tundu, naye atakuambia: mteja hataki kulipia kutafuta. Anakubali kulipa gazi kwa sababu anaona chupa, anasikia baridi. Ukimwambia saa moja ya kupima ina bei yake, anajibu: “Umeangalia tu, hujafanya kitu.” Basi fundi, ambaye naye ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa, anauza kile kinachonunuliwa. Tumewafundisha sisi wenyewe kwamba kichwa na macho yao havina thamani, ila chupa tu. Halafu tunashangaa wanapotuuzia chupa.

Tabia hii haiishii kwenye klima. Tunaiona kwa simu inayobadilishwa skrini kabla ya kupimwa, kwa jenereta inayobadilishwa kabureta kabla ya kuangaliwa buji, na, kwa uchungu zaidi, kwa mgonjwa anayepewa dawa ya malaria kabla ya kuchomwa kidole. Nchi inayolipia dawa na kukataa kulipia kipimo inalipa mara mbili.

Ndiyo maana suluhisho linaanza na mwenye gari. Kabla ya kukubali kujaza, uliza maswali matatu. Gazi ya mwanzo ilipitia wapi? Manometa mbili zimeonyesha namba gani? Utaweka gramu ngapi, na karatasi ya gari inasema ngapi? Fundi anayejua kazi atafurahi kujibu. Asiyejua atakasirika, na hasira hiyo nayo ni jibu. Kisha, nawe ufanye sehemu yako: kubali kulipia kipimo, kwa bei inayojulikana mapema, hata kama matokeo ni fizibu ya franka chache. Kazi ikiisha, weka kipimajoto kidogo kwenye tundu la hewa la katikati. Gari zima likiwa linatembea mara nyingi huonyesha kati ya nyuzi 4 na 10. Na kama unaishi Bukavu, usiridhike na jaribio la asubuhi yenye baridi: klima iliyojaribiwa kwa nyuzi 18 haijajaribiwa bado. Kamanyola itaijaribu.

Wenye garaji nao waandike hati mbili tofauti: bei ya kupima, na bei ya kutengeneza. Wanunue mizani kabla ya kununua chupa ya pili. Wanaoweza kuungana, watatu au wanne katika mtaa mmoja, wanunue kwa pamoja pompa, azoti na kifaa cha kunusa. Si lazima kila mmoja awe na vyake.

Serikali nayo ina mahali pake. INPP, ambayo kazi yake ni kufundisha ufundi, ingeweza kutoa mafunzo mafupi ya klima za magari kwa mafundi waliokwisha kuwa kazini, jioni au mwisho wa wiki, kwa Kiswahili, bila kumlazimisha baba wa familia kurudi kwenye benchi kwa miaka. OCC, inayokagua bidhaa zinazoingia nchini, iangalie pia zile chupa za gazi zinazouzwa sokoni bila maandishi yanayoeleweka, maana hakuna fundi anayeweza kufanya kazi safi kwa gazi asiyoijua. Na vyama vya mashofere, ambavyo vinajua vizuri kudai na kugoma, vinaweza kudai jambo hili dogo kwa ajili ya wanachama wao: hakuna kujaza bila kupima.

Kwa wale ambao klima zao bado zinapoza, neno moja la mwisho. Iwasheni kwa dakika kumi kila wiki, hata msimu wa mvua, hata Butembo na Bukavu ambako hamuihitaji kwa joto. Mafuta yatazunguka, joini hazitakauka, na vioo vyenu vitakuwa safi. Joini iliyokauka kwa kutotumika ndiyo mwanzo wa safari ya kwenda kuambiwa kwamba gazi imeisha.